Vipande vya Ijumaa

Ijumaa ile mjinga alikuwa yeye, na tuliseme mapema ili tusije tukamwonea mtu mwingine. Wenye makosa walikuwa wengi, nao watafika, lakini aliyesimama mbele ya friji ya chumba cha upasuaji, akaona kipande cha nyama ya shangazi yake kimeviringishwa kwenye shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, akacheka, akaurudishia mlango na kwenda zake nyumbani, alikuwa Fundi Rangi mwenyewe.

Jina hilo alibandikwa hospitalini. Kazi yake ilikuwa katika maabara ya chini, chumba chenye dirisha moja na harufu ya spiriti, ambako vipande vya uvimbe hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, hulazwa juu ya kioo na kupakwa rangi. Alikuwa akiwatafutia madaktari protini moja, ile inayokaa ndani ya kiini cha seli ikingoja homoni. Wageni wakimuuliza ni kitu gani hicho, aliwaambia ni mpokea simu. Homoni inapiga, yeye anapokea, anageuka na kuwaambia walio ndani, "Kueni," nao wanapokezana amri hiyo, protini kwa protini, mpaka uvimbe unajaa kiganja. Mpokea simu akiwepo, kipo kidonge cha kumziba masikio. Unameza kimoja kwa siku na glasi ya maji. Asipokuwepo, kidonge hakina wa kumziba, unapelekwa kwenye dripu ya dawa kali. Na pale kwenye kioo, akiwepo viini hugeuka kahawia. Asipokuwepo hubaki buluu. Kwa miaka kumi na minne Fundi Rangi alikuwa ameyaona maisha ya watu katika rangi hizo mbili, huku akipiga miluzi.

Sasa, siku ya upasuaji wa matiti ilikuwa Ijumaa. Ndivyo ratiba ilivyopangwa enzi za mganga mkuu aliyekwisha kustaafu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Jumanne waliingizwa wachache, pale nafasi ilipopatikana. Na fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isiharibike, haikukaa chumba cha upasuaji. Ilikaa stoo ya maabara na kutolewa kwa fomu yenye mihuri mitatu, kwa sababu zamani madumu mawili yalipotea, na mkubwa mmoja akaapa kwamba hayatapotea tena. Kweli hayakupotea. Bwana Stoo alifunga Ijumaa saa sita mchana, akaondoka na ufunguo mfukoni. Upasuaji ulianza saa saba.

Kwa hiyo chochote kilichokatwa Ijumaa kiliviringishwa shashi, kikawekwa kwenye friji pembeni ya maziwa ya chai ya wauguzi, kikangoja Jumatatu. Hospitali nzima ilijua. Hata msemo ulikuwepo: za Ijumaa hulala. Waliutamka kama mtu anavyosema leo kuna mawingu.

Siku hiyo Fundi Rangi alipanda ghorofani kumjulia hali shangazi yake. Huyu alikuwa dada wa baba yake, fundi cherehani wa miaka sitini na mmoja, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, ambaye ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kufutwa kamasi. Walikuwa wamemkata kipande kidogo cha uvimbe wa titi ili kipimwe. Alikuwa bado na usingizi wa dawa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani hakumtukana. Alipotoka pale akamkuta tarishi kwenye friji akijimiminia maziwa. Fundi Rangi, ambaye hawezi kuona watu wawili pamoja bila kutafuta mzaha, akamwambia aangalie asije akamkoroga Shangazi kwenye chai, maana huyo ni mchungu hata bila majani. Wakacheka mpaka wakashikilia mlango wa friji.

Angeweza kushuka. Mezani kwake kulikuwa na chupa yake mwenyewe ya fomalini, imebaki robo. Ni ngazi mbili tu, kwenda na kurudi dakika nne. Hakushuka. Za Ijumaa hulala.

Jumatatu kipande kikapata fomalini yake, na Alhamisi kioo kikawa tayari. Kilikuwa buluu. Alikipeleka kwa Profesa, mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye mashati yaliyonyooka kama karatasi, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Profesa alikitazama chini ya hadubini, akaandika "hasi", akaweka saini. Kisha akafurahi kidogo, kwa namna ya kitaalamu, kwa sababu kioo hicho kilikuwa cha mia tatu na kumi na mbili na ndicho kilichofunga utafiti wake wa miaka mitatu.

Utafiti wenyewe ulikuwa umebandikwa kwenye korido, bango refu kuliko mlango. Lilisema kwamba wanawake wanne kati ya kila watano waliopimwa hapo hawakuwa na ile protini. Hivyo basi uvimbe wa wanawake wetu hauendeshwi na homoni kama wa wanawake wa kwingine. Amri ya kukua inapita kwenye mnyororo mwingine wa protini ambao bado haujajulikana. Wiki iliyofuata Profesa alikuwa anakwenda kuusoma ng'ambo, mbele ya wakubwa wa fani. Jina la Fundi Rangi lilikuwepo kwenye bango, mwisho kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Alikuwa amelipiga picha na kuituma kwa ukoo mzima.

Daktari aliyemhudumia Shangazi, mwanamama aliyekuwa akipasua na kutibu mwenyewe kwa sababu hapakuwa na wa kumsaidia, alimweleza mgonjwa bila kumzunguka. Kidonge hakipo. Dripu itaanza Alhamisi inayofuata. Dawa iliyomo inaweza kuuchosha moyo, na moyo wa Shangazi tayari ulikuwa ukidunda kwa kurukaruka. Alisema kama ingekuwepo njia ya pili asingegusa hiyo, lakini karatasi ya maabara ilikuwa imesema.

Jumamosi asubuhi Fundi Rangi alikwenda kwa shangazi yake kumfafanulia. Alimkuta kwenye cherehani, bendeji bado kifuani, akipinda gauni la mteja ambaye, kwa maneno yake, hakuwa na saratani na kwa hiyo hakuwa na subira. Akamweleza yote, mpokea simu na kahawia na buluu. Shangazi alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayedai amepungua kiuno. Kisha akauliza kama kipande walichomkata chote kilikuwa ugonjwa.

Si chote, akajibiwa. Pembeni palikuwa na nyama nzima, vile vifereji vya maziwa alivyo navyo kila mwanamke.

"Na huyo mpokea simu yumo kwenye hivyo vifereji?"

"Yumo, Shangazi. Hata kwa mtu mzima asiyeumwa chochote, kwenye seli zake kadhaa yumo."

"Vilikuwa rangi gani?"

Fundi Rangi hakuwa amevitazama. Miaka kumi na minne alikuwa ameambiwa atazame uvimbe, naye akatazama uvimbe.

"Nikipeleka nguo yenye kiraka kwa mtia rangi," Shangazi akasema, akakata uzi kwa meno, "ikarudi nyeupe yote, nguo na kiraka, sikilaumu kiraka. Namuuliza mtia rangi alikuwa anafanya nini." Akanyanyua macho kutoka kwenye kitambaa. "Na mtia rangi ni wewe."

Fundi Rangi hakumaliza chai. Alikuwa na ufunguo wa maabara, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameinama juu ya hadubini na kile kioo. Uvimbe ulikuwa buluu. Akakisogeza kidogo, pale pembeni ambapo hakuna aliyemtuma. Vifereji vya maziwa, duara nzuri kabisa za mwanamke aliyekuwa mzima hapo, buluu tupu, hakuna hata nukta ya kahawia. Ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba shangazi yake hana damu. Rangi yenyewe haikuwa na kosa, kwani kile kioo cha mfano anachokipaka kila siku ili kuhakikisha dawa inafanya kazi kilikuwa kahawia kama kawaida. Basi kasoro ilikuwa kwenye nyama. Protini ilikuwepo Ijumaa saa tisa, na kufika Jumatatu ilikuwa imeoza mle frijini, na kilichopimwa kilikuwa ganda lake.

Hapo ndipo alipokumbuka kicheko chake mwenyewe.

Akashusha daftari la maabara, miaka mitatu, akachukua rula na penseli. Aliandika siku ya upasuaji kando ya kila mwanamke. Ilimchukua mpaka alasiri. Waliokatwa Jumanne walikuwa arobaini na mmoja, na kahawia walikuwa ishirini na saba. Waliokatwa Ijumaa walikuwa mia mbili sabini na mmoja, na kahawia walikuwa thelathini na wanane. Akahesabu tena akidhani rula imeteleza. Haikuteleza. Akajiuliza kwa sauti, mle chumbani peke yake, ni saratani gani hii inayosoma kalenda.

Alikuwa mtu wa kucheka, tumekwisha kusema. Maisha yalikuwa yamempiga makofi mapema naye akajifunza kuyajibu kwa mzaha. Siku hiyo mzaha haukuja. Kulikuwa na jina moja kwenye ukurasa wa mwaka uliopita, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa akipita maabara kuulizia majibu huku amebeba chaki kwenye mfuko wa sweta. Ijumaa. Buluu. Alikwenda kwenye dripu, akang'oka nywele na kucha, na mwisho hakupita tena. Labda kidonge nacho kisingemsaidia. Hilo hakuna ajuaye. Lakini hakuulizwa. Aliandikiwa kwamba mwili wake uko tofauti, kisha wakauandika huo utofauti kwenye bango na kuupa rangi za kupendeza.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwa Profesa, daftari kwapani. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angemfukuza. Alisema wa Jumanne ni wachache mno kuthibitisha chochote. Alisema pengine waliowahishwa Jumanne walikuwa na uvimbe wa aina yake. Alisema nyama ikiharibika huonekana, na yeye asingeshindwa kuiona. Fundi Rangi akamwambia friji huficha, umbo linabaki na protini inaondoka, na akamwomba jambo moja tu: shangazi yake achukuliwe kipande kingine, kiingie fomalini papo hapo. Profesa akatikisa kichwa kwa huruma. Kurudia kipimo bila sababu siku chache kabla ya mkutano kungeifanya maabara ionekane haijiamini.

"Kila mtu na sehemu yake," akasema. "Wewe paka. Mimi nitasoma."

Fundi Rangi akatoka, akalipita bango bila kuligeukia, akapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Daktari.

Daktari alisoma zile hesabu za penseli akiwa amesimama. Kisha akakaa. Hakuuliza kuhusu friji. Alikuwa akiifungua kila Ijumaa kwa mkono wake. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, ni wangapi katika hao mia mbili sabini na mmoja ambao yeye mwenyewe aliwapeleka kwenye dripu. Fundi Rangi akasema hajui. Daktari akasema yeye anajua, kisha akaagiza sindano ya kutolea nyama, kwa kuwa kwa sindano alihitaji ridhaa ya mgonjwa tu na si ya mtu mwingine.

Kabla Shangazi hajavua blauzi, mpwa wake alimweleza ya Ijumaa ile, pamoja na mzaha wa chai. Hakujipunguzia hata neno. Shangazi akauliza kama yale maziwa yaliharibika. Hapana, wauguzi waliyamaliza Jumamosi.

"Kumbe maziwa yalipata wa kuyahurumia," akasema, na akamwambia Daktari achome.

Fundi Rangi alisimama pembeni ya kitanda na chupa yake ya fomalini, kifuniko mkononi. Kijipande kilitoka kwenye sindano, chembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, kikatumbukia chupani kabla ya mtu kuhesabu mpaka tano. Akakishusha chini mwenyewe. Hakumpa tarishi.

Jumatano mchana akakipaka. Aliweka kioo chini ya hadubini na hakutazama mara moja. Alifuta kwanza miwani, akafuta tena. Alipoinama aliona kahawia kila mahali. Vifereji vilikuwa na nukta zake za kahawia kama inavyotakiwa, na uvimbe ulikuwa kahawia nzito, kiini baada ya kiini, umati wa wapokea simu wote wakiwa kazini. Walikuwepo siku zote. Hakupiga mluzi. Alikibeba kioo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Walikutana saa tisa ofisini kwa Profesa, kwa sababu dripu ilikuwa kesho asubuhi na Daktari hakuweza kuandika kidonge bila jibu lililosainiwa na maabara. Shangazi hakuitwa. Alikuja, akavuta kiti, na alipoambiwa kwa adabu kwamba hicho ni kikao cha wataalamu akasema kinachojadiliwa ni kifua chake, na kwamba popote kinapokwenda huwa wanaongozana.

Profesa alikitazama kioo kipya muda mrefu. Alikisogeza huku na huku, akabadilisha lenzi. Si mtu mwongo, naye akakiri: ni kahawia. Kisha akakaa wima na kuanza kueleza kwa nini kahawia hiyo haitoshi. Kipande hakikupitia utaratibu. Hakina fomu wala mihuri. Mgonjwa huyu tayari ana jibu lililosainiwa, naye ni wa mia tatu na kumi na mbili katika utafiti uliokwisha kufungwa. Kuligeuza jibu lake sasa ni kuuliza swali juu ya majibu yote. Atakaporudi kutoka ng'ambo, baada ya wiki mbili, ataunda kamati ndogo. Kwa sasa dripu iendelee kama ilivyopangwa.

Daktari akasema moyo wa mgonjwa hauna wiki mbili za kuchezea, na kwamba hataweka hiyo dripu kwa mkono wake. Profesa akajibu kwamba basi mgonjwa ataandikiwa daktari mwingine. Fundi Rangi akasema yeye aliiona hiyo friji kwa macho yake, alicheka na kuondoka, na yuko tayari kuliandika hilo na kulisaini hata kama litakuwa jambo la mwisho analoandika katika jengo hili. Akasema swali juu ya majibu yote ndilo hasa linalotakiwa kuulizwa, maana miaka mitatu wanawake wameambiwa miili yao ni ya ajabu, na cha ajabu kilikuwa ufunguo wa Bwana Stoo. Akamtaja na yule mwalimu wa chekechea.

Profesa hakukasirika. Alivua miwani, akamgeukia Shangazi peke yake, kwa upole ule anaowawekea ndugu wa marehemu.

"Mama, ninyi mna uchungu, nami nauelewa. Lakini sayansi haiendi kwa uchungu. Nimewapima wanawake mia tatu na kumi na wawili. Siwezi kuwatupa wote hao kwa ajili ya mmoja."

Shangazi akanyoosha mkono, akaokota kalamu iliyokuwa mezani, akaiweka juu ya karatasi ya majibu mbele yake.

"Wa Ijumaa hukuwapima hata mmoja, mwanangu. Ulipima friji. Wa kwanza kumpima ni mimi, na jibu langu umeshaliona kwa macho yako. Saini."